Mzigo Niliobeba Kutoka Ziwani

Tangu nirudi, kila anayeingia hapa kwangu Mabwerebwere, Kilosa, kupimwa nguo anafanya jambo lilelile. Anasalimia, anakaa, anatazama koti la kiume lililotundikwa nyuma ya mlango, halafu anageuza macho haraka. Mimi ni mjane wa miaka mingi, kwa hiyo najua kinachopita vichwani mwenu. Wachache mmeniuliza waziwazi, wengine mmetumana. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku pini zikiwa mdomoni, ndiyo maana naandika. Someni taratibu. Mkipotea, rudini nyuma kidogo, kama tunavyofanya mshono ukienda upande.

Koti ni la marehemu Hamisi, mume wa Rehema. Rehema mnamkumbuka: yule mwanafunzi wangu aliyependa kukaa karibu na dirisha, mwenye mkono mwepesi kuliko wote kwenye vifungo. Aliolewa huko juu, milima ya Lumuma, kwenye kijiji kidogo kilicho kando ya ziwa. Siku moja Hamisi aliingia ziwani na chelezo chake kukata mafunjo ya mikeka. Chelezo kikapinduka, watu wawili wakimwona kutoka ukingoni. Hakuibuka, na mwili haukupatikana. Mimi nilituma rambirambi kwa simu, nikasema nitakwenda, sikwenda. Mnajua jinsi tunavyosema.

Miezi mitano ikapita. Nilikuwa Mikumi nikitundika mapazia ya nyumba moja ya wageni, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa sauti ya Rehema, fupi sana: "Shikamoo Mwalimu. Njoo unichukue. Maji yameanza kunizoea."

Niliisikiliza mara tatu nikiwa juu ya ngazi. Kisha nikashuka, nikamwachia msaidizi wa nyumba ile mapazia mawili ya mwisho ayatundike mwenyewe. Nasikia moja amelitundika ndani nje.

Mikumi: vitunguu pembeni mwa sahani

Fuso lililokuwa linakwenda Lumuma kuchukua vitunguu lilikuwa limeegeshwa nyuma ya vibanda vya chipsi, tairi moja limevuliwa. Dereva aliniambia, "Mama, nusu saa tu." Nimeishi kando ya barabara miaka ya kutosha kujua kwamba nusu saa ya dereva ni asubuhi nzima. Nikaingia kwa mama ntilie, nikaagiza wali maharage na kachumbari.

Meza ileile alikaa mama mmoja mnene kidogo, kanga mbili, simu tatu. Ndiye mwenye mzigo, mfanyabiashara wa vitunguu. Jina lake Mama Chiku. Sahani yake ilikuja, na kabla ya kula akaanza kuchambua kachumbari. Alitoa kitunguu kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko, akavipanga pembeni kama mtu anayetoa mchanga kwenye mchele.

Nikacheka. "Muuza vitunguu asiyekula vitunguu?"

"Nakula," akasema. "Ila hivi siwezi. Ni vya kwetu Lumuma, nimevileta hapa mwenyewe. Maji yaliyovimwagilia yana mtu."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema nyama ina mfupa. Kijiko changu kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Nikakirudisha.

Nilipomwambia ninakokwenda na ninayemfuata, aliacha kutafuna. Hamisi alikuwa mtoto wa dada yake. Yeye ni mama yake mdogo. Tulipeana pole. Kisha akanitazama vizuri, akauliza, "Na wewe kwenu wapi hasa? Sura yako si ya Kilosa."

"Nimezaliwa Kilosa. Babu alikuja na kazi ya reli kutoka Tabora. Sisi Wanyamwezi."

Mama Chiku akapiga meza mpaka chai ikamwagika. "Mtani wangu! Nilijua! Kichwa hicho kimezoea mizigo! Wapagazi wakubwa nyie, hebu inuka unibebee sahani!"

Na mimi, kwa furaha ya kupata mtu wa kucheka naye siku ile nzito, nikamjibu: "Ninyi Wasagara mngetuona wapi? Misafara ilipopita mlikuwa mmejificha milimani na mbuzi wenu."

"Kwa hiyo unakubali wewe ni mtani wetu?"

"Nakubali, na nakudai heshima."

"Dereva!" akaita nje. "Umesikia? Amekubali mwenyewe, mbele yako."

"Nimesikia, mama," dereva akajibu kutoka chini ya lori.

Hapo ndipo nilipokosea, na naomba mlikumbuke kosa hili tunavyoendelea. Sisi wa mjini tumebakiza nusu ya utani tu, ile ya kucheka. Nusu ya pili ni kazi. Zamani mtani ndiye aliyechimba kaburi, aliyefagia uwanja wa msiba na kuvaa nguo za marehemu akawaigizia waliofiwa jinsi alivyotembea na alivyogomba, mpaka wacheke, mpaka wakubali kwamba hayupo. Kile unachocheka nacho mezani, ndicho unachokibeba msibani. Nilifundishwa haya nikiwa mdogo, nikayasahau kama tunavyosahau kodi ya redio.

Kilosa: siku moja ya kungoja mto

Tulifika Kilosa mchana, na mvua ya milimani ilikuwa imetangulia. Sehemu ya kuvukia mto ilikuwa imefunikwa. Dereva akatumbukiza fimbo, akaitazama, akasema leo hapana. Basi Mama Chiku akawa mgeni wangu hapa nyumbani.

Wale wa darasa la jioni mlimwona. Ndiye aliyewaambia mishono yenu imepinda kama njia ya punda. Mlimchukia, lakini baada ya hapo mlinyoosha, nami nilifurahi.

Wakati wa kupika alikwenda mwenyewe sokoni kutafuta vitunguu vya Singida. Tukiwa tunamenya, nikamwomba anieleze yale ya maji, nikijitahidi nisionyeshe kwamba yamenikaa moyoni tangu Mikumi.

Alieleza vizuri, kama mwalimu. Ziwa lile halina mto unaotoka. Maji yake huzama upande mmoja wa mlima, yakatokea chini kama chemchemi, na chemchemi hizo ndizo zinazojaza mifereji ya mashamba. Ni kama utambi wa taa, mafuta yako chini lakini yanapanda bila kuyaona yakipita. "Sasa mtu wetu yuko juu mle. Hatujamtoa. Watu baki wanavila vitunguu, hatuwakatazi, si msiba wao. Sisi wa ukoo hatuwezi. Mkwe wetu Rehema hajaweka kitunguu mdomoni miezi mitano."

"Lakini sheikh si alishasalisha?"

"Alisalisha sala ya asiye mbele yetu, akasoma dua, eda nayo imekwisha. Dini imemaliza upande wake. Upande wa nyumbani ndio haujamaliza. Moto wa msiba bado unawaka. Moto ule anauzima mtani. Watani wa upande wa Mpwapwa walikuja siku ya tatu na majembe yao, wakauliza maiti iko wapi. Tukawaonyesha maji. Wakatazamana, wakasema sisi tunazika mtu, hatuziki maji. Wakaondoka bila kula."

Alikata nyanya moja polepole.

"Na dada yangu anasema moto ukiwaka, mjane haondoki. Kwa hiyo binti anakaa. Kila asubuhi anakwenda ukingoni. Mwanzo alikuwa anarudi saa tatu. Sasa anarudi jua likiinama. Mwezi huu ameanza kurudi na upindo wa kanga umelowa."

Ile sentensi ya simu ilikuwa imejieleza.

Asubuhi mto ulikuwa umeshuka. Nilipakia cherehani ya mkono niliyokuwa nimemwekea Rehema kama zawadi, nikiwaza kwamba nikishindwa kumchukua, angalau mikono yake ipate kazi.

Lumuma: mkoba wangu unanyang'anywa

Safari ya kupanda sitaieleza kona kwa kona. Tuliachana na reli, tukakutana nayo, tukaachana nayo moja kwa moja. Lori lilizima mara mbili. Mara ya pili tulikaa karibu na kibanda cha mahindi ya kuchoma, na mwenye kibanda, kijana wa kifugaji asiyejua Kiswahili kingi, alinionyesha mlima mrefu mbele yetu. Akaweka kidole mdomoni kama anayenyamazisha mtoto. Nilidhani ananiambia ninaongea sana, jambo ambalo ni kweli. Baadaye ndipo nilipoelewa alikuwa ananisimulia ziwa.

Lumuma ni pazuri, lazima niseme. Matuta ya vitunguu yamepangwa vizuri, mifereji inapita katikati na maji safi ya kuonekana mpaka chini. Lakini angalieni nilichokiona. Mwanamke mmoja alitoka kwenye nyumba iliyo hatua kumi kutoka kwenye mfereji, ndoo kichwani, akauruka mfereji bila kuutazama na kushika njia ya bombani, mbali, nyuma ya shule. "Wa ukoo huyo," Mama Chiku akasema.

Tuliposhuka, nyumba ya ndugu zake Mama Chiku ilikuwa imejaa watu. Nikaanza na adabu zangu. "Shikamooni." Hakuna aliyeitika marahaba. Bibi mmoja mzee, aliyenizidi miaka ishirini, alinijia moja kwa moja, akaupokonya mkoba wangu, akaumwaga kwenye mkeka. Mkasi, futi ya kupimia, miwani, kanga ya kubadilisha, vyote chini. Watu wakacheka. Mwingine akavaa miwani yangu, akaanza kutembea akichechemea kama ninavyotembea mimi goti likiniuma.

Niliumia, sitawaficha. Nikasema, "Jamani, nimekuja kwa msiba, mimi ni mtu mzima."

"Msikieni!" bibi akasema. "Mpagazi mwenye maringo! Umechelewa miezi mitano, halafu unataka shikamoo?"

Nikamgeukia Mama Chiku. Alikuwa ameegemea mlango, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Niliwapigia simu tukiwa Mikumi," akasema. "Niliwaambia mtani amepatikana, na amekubali mbele ya shahidi."

"Mimi nilikuwa nataniana tu, Mama Chiku."

"Ndiyo. Ndiyo kukubali kwenyewe."

Nikakaa juu ya gunia la vitunguu. Ningeweza kukataa, nataka mjue hilo, hakuna aliyenifunga kamba. Lakini nilimfikiria Rehema na upindo wa kanga. Nikawauliza kazi yenyewe ni nini, ikiwa hakuna mwili.

Bibi aliyemwaga mkoba wangu akaanza kuvikusanya vitu vyangu kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu mwingine. "Babu zako walibeba meno ya ndovu kutoka kwenu mpaka pwani," akasema. "Wewe utashindwa kubeba mtu mmoja kutoka ziwani mpaka nyumbani kwao?"

Kupanda: sauti inapungua

Kutoka Lumuma hadi ziwani ni mwendo wa miguu. Kwa mwenyeji ni saa tatu. Kwangu ilikuwa saa tano na visingizio vingi. Cherehani ilibebwa na punda, Mama Chiku akabeba maneno. Wenye magoti kama yangu, msikate tamaa na milima; siri ni kutotazama kilele, tazama kisigino cha aliye mbele yako.

Chini kulikuwa na ndege, mbuzi, mtu akipasua kuni. Tukapanda, mbuzi wakaisha. Kisha ndege wakaisha, nao sikugundua walipoisha, niligundua tu kwamba nasikia koo langu likimeza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mgongo wa mlima. Mama Chiku naye akanyamaza. Nilipomuuliza kama amechoka, akatikisa kichwa na kuniambia kwa kunong'ona kwamba kuanzia hapo hatutaji jina la mtu kwa sauti. Si kwamba ni mwiko mkubwa. Ni kwamba si vizuri.

Halafu miti ikaachia, na ziwa likawa pale.

Ni dogo. Mtu mwenye afya angelizunguka kwa saa moja. Maji yana rangi ya chai isiyo na maziwa, yametulia kiasi kwamba mafunjo ya ukingoni yanaonekana mara mbili, ya juu na ya chini, na huwezi kusema yapi ndiyo yenyewe. Bata maji wapatao kumi walikaa katikati wakiwa wametazama upande mmoja. Mimi ni mtu wa kutafuta sababu ya kila kitu, mnanijua. Nikajiambia: bonde limefunikwa pande zote, upepo hauingii, ndiyo maana ya utulivu. Nikaokota kokoto nikairusha. Niliona viduara vikitanuka vizuri, kimoja ndani ya kingine. Chubwi sikuisikia.

Nikarusha nyingine. Hivyohivyo. Bata hawakugeuka.

Rehema alikuwa amekaa ng'ambo kidogo, miguu ndani ya maji mpaka magotini, kama mtu anayesubiri kinyozi. Nilikwenda taratibu. Alikuwa amekonda, mifupa ya bega ilikuwa imeinua kanga.

"Shikamoo Mwalimu," akasema bila kushtuka.

"Marahaba mwanangu. Toa miguu."

"Maji ni ya moto, Mwalimu. Jaribu. Mwanzo yalikuwa baridi, sasa yamekuwa ya moto."

Niliingiza mkono. Yalikuwa baridi ya kuuma kucha. Sikumbishia. Mtu anayezama hafundishwi, anashikwa. Nilimshika kwapani, nikamwinua, nikamfuta miguu kwa kanga yangu mpaka damu ikarudi. Akaniruhusu, kama mtoto.

Ziwani: kazi yenyewe

Mama wa Hamisi, Bibi Mwavita, alitupokea kwa ugali na maharage yasiyo na kitunguu. Moto wa msiba ulikuwa uani, gogo kubwa, moshi mwembamba. Juu yake, kwenye kijiti, ndipo lilipotundikwa koti. Hamisi alilivua na kuliacha ukingoni siku ile kabla ya kupanda chelezo.

Hapa nisikilizeni kwa makini, maana hili ni jambo la ufundi. Kulipokucha, kabla sijalivaa, nililikagua. Ni mazoea, siwezi kushika nguo bila kuigeuza. Koti la sufu, la mtumba, kiwiko kimewekwa kiraka kwa mshono wa kurudi nyuma ambao nilimfundisha Rehema mwenyewe. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ya rangi ya udongo, imefumuka kidogo chini ya kwapa. Nje na ndani limekauka kama ngozi ya ngoma, linanuka moshi wa miezi mitano. Mifukoni hamna kitu. Nilipomaliza, nikalivaa. Lilikuwa jepesi.

Bibi Mwavita alinieleza masharti. Niingie majini mpaka kifundo cha mguu, nimwite kwa matusi ya kitani, nigeuke, nimlete nyumbani. Njia nzima ninung'unike. "Mpagazi anayenyamaza njiani," akasema, "watu hudhani mzigo ameuiba. Hata mzigo wenyewe hudhani hivyo. Ukinyamaza atashuka."

Tulikuwa wanawake watano kwa jumla, ukungu umefika usawa wa kiuno. Mama Chiku alitangulia kunionyesha njia. Rehema na mkwe wake walikuwa wanasubiri nyumbani. Nao walikuwa na bibi jirani aliyeshika ndoo ya maji ya kuzimia moto.

Niliingia. Maji hayakupita kifundo. Nikajisikia mjinga sana, mama mtu mzima ndani ya koti la mwanamume, asubuhi ile. Nikasema, "Wewe mvivu! Miezi mitano umelala, mafunjo yamekushinda? Toka huko, Wanyamwezi wamekuja kukubeba, na usinipapase, mimi si saizi yako."

Nikageuka. Nikatembea.

Hatua za mwanzo zilikuwa rahisi. Nilinung'unika kuhusu mlima, kuhusu ugali wa mama yake, kuhusu mwanamume anayeacha mke mwenye mkono mzuri kama ule. Mama Chiku, aliyekuwa mbele yangu, alicheka bila kugeuka. Tulipofika kwenye mawe, mabega yakaanza kuniuma. Nikadhani ni umri. Tulipoacha mawe, koti likawa zito kiasi kwamba mshono wa bega ulikuwa unanikata shingoni. Nikainama. Nikapumua. Nikatafuta tusi, sikulipata. Mimi si mtu wa matusi, yale ya mwanzo ndiyo niliyokuwa nayo yote.

Kimya kile kikaja. Kilikuja kutoka nyuma, kama mlango unaofunguliwa. Mama Chiku akasimama mbele yangu, hakugeuka, akasema kwa hofu, "Mtani. Sema kitu. Mtani!"

Basi nikasema kile ninachokijua. "Haya, wewe mwanafunzi mzito, sikiliza. Cherehani ina njia moja tu ya uzi. Unaanza juu, kwenye kigingi. Unaupitisha kwenye kishikizo. Unashuka mpaka kwenye springi, usiiruke, wote mnairuka. Unapanda kwenye mkono, unashuka tena, ndipo sindano. Uzi ukikatika, usipige mashine makofi. Rudi mwanzo. Hakuna aliyekasirika. Rudi mwanzo tu."

Nilimfundisha kuvisha uzi. Nikamfundisha kujaza bobini uzi wa chini. Nikamfundisha pindo, kisha zipu, nikiwa nimepinda mgongo, jasho linaingia machoni kwenye ubaridi ule. Mahali pa kola nilimwambia asiogope, kola inawashinda wengi mara ya kwanza. Sijui kwa nini, lakini hapo uzito ulitulia. Haukupungua. Ulitulia, kama mtoto mgongoni aliyekubali kulala.

Tukaingia uani. Bibi Mwavita alisimama mbele ya moto. Alikuwa na swali la kuuliza, swali la mila.

"Mpagazi, umeleta?"

"Nimeleta."

"Mzito?"

Nikamwangalia yule mama, mpana kama mlango wa ghala. "Mzito kama aliyemzaa."

Kisha Mama Chiku akapasuka kicheko, jirani naye, na Bibi Mwavita akacheka mpaka akakaa chini, kicheko kikageuka kilio, kilio cha kawaida, chenye sauti, kama cha misiba mingine yote. Maji yakamwagwa. Moto ukasema shii. Kwa mara ya kwanza tangu nifike kule nilisikia maji yakitoa sauti.

Nikavua koti. Mtani huondoka na kitu cha marehemu, na hicho ndicho changu. Nililigeuza, kwa mazoea yaleyale.

Nje lilikuwa kavu. Sufu kavu, inanuka moshi. Bitana ilikuwa imelowa chapachapa, kutoka kola mpaka pindo, inatiririka.

Mmeniambia ni ukungu. Mmeniambia ni jasho. Nimewafundisha wenyewe: ukungu huilowesha nguo kuanzia nje. Jasho hulowesha mgongo na kwapa, halifiki kwenye pindo, wala halina rangi ya chai. Sina maelezo mengine, na mimi si mtu wa kukosa maelezo. Blauzi niliyoivaa chini yake ilikuwa kavu.

Bibi Mwavita alileta kitunguu kibichi cha bondeni, akakipasua kwa ngumi. Tukagawana. Mama Chiku alikitafuna kama tofaa, machozi yanamtoka, anasema kikali, kitamu. Kipande cha Rehema kilibaki kiganjani mwake.

"Mimi bado, mama," akamwambia mkwe wake.

Mkwe wake hakumlazimisha. Alimfunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Nenda na mwalimu wako."

Kurudi Mabwerebwere

Tuliposhuka, nilimtanguliza Rehema mbele yangu, asiwe nyuma. Cherehani ilirudi na punda yuleyule, ambaye nadhani alitushangaa. Pale ukingoni Rehema alisimama kidogo. Bata walikuwa wanalia, wanapigana, kama bata. Aliinama akagusa maji kwa kidole. "Baridi," akasema, akajifuta.

Siku ya pili baada ya kufika hapa, Rehema alifumua bitana ya koti, uzi kwa uzi, bila kuichana. Akaianika uani. Sasa ninyi mnalijua jua la Kilosa. Kitenge kinakauka kabla chai haijapoa. Bitana ile ilianikwa asubuhi, jioni ikaingizwa inachuruzika. Siku iliyofuata hivyo. Na iliyofuata hivyo. Nyie mliokuja siku hizo mliiona kwenye kamba, na beseni lililokuwa chini yake. Wakati huo Rehema alikuwa anakata bitana mpya, kutoka kwenye kanga yake ile ya upindo uliokuwa unalowa. Aliishona kwa mkono ingawa mashine ilikuwa mbele yake.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa jikoni nimeweka supu motoni. Akaingia ameshika bitana ya zamani, imekunjwa mara nne. Akanipa niishike. Ilikuwa kavu, ina joto la jua.

"Amefika, Mwalimu," akasema.

Akaiweka sandukuni mwake. Kisha akarudi, akafunua sufuria, akaonja supu kwa ncha ya mwiko, akakunja uso.

"Mbona umevisahau? Vitunguu viko wapi?"